Umetoka wapi, na unaandika wapi? Programu za kivinjari mbele ya mabawabu wa kompyuta

Programu yenyewe ilikuwa ndogo: kurasa tatu za HTML, skripti mbili, na faili moja la JSON, yaani la data tupu, lenye maswali ya kujipima. Kwenye mashine yangu ilikwenda bila kikwazo. Nikaifunga kwenye zipu, nikamtumia mwenzangu, nikageukia kazi nyingine. Haukupita muda simu ikaita. "Bwana, nimefungua, ni kweupe tu." Amebofya index.html? Amebofya. Ameitoa kwenye zipu kwanza? Ameitoa. Nikamwomba abonyeze F12 anisomee maandishi mekundu kwenye konsoli, na hapo nikajua kosa ni langu. Mimi siku zote nilikuwa nikiifungua kupitia seva ndogo ya majaribio, yeye kaifungua moja kwa moja kutoka kwenye folda. Mafaili ni yaleyale, mlango mwingine.

Wengi tunaamini kwamba kitu kikishaandikwa kwa teknolojia za wavuti kitafunguka popote penye kivinjari. Tunasahau kwamba kati ya msimbo na mtumiaji wamesimama mabawabu wawili wasiojuana. Wa kwanza ni kivinjari, na swali lake ni moja: umetoka wapi? Wa pili ni mfumo endeshi, kama Windows, macOS au Linux. Huyu anataka kujua nani amekusaini, unakaa kwenye folda ipi, na kama pale unapoandika data ndipo pia unapoendeshea msimbo. Hitilafu nyingi za kusambaza programu za namna hii ni jibu ambalo halikumtosheleza mmoja wao, na ujumbe wa kosa kwa kawaida hausemi ni yupi aliyeuliza.

Faili lisilo na chimbuko

Kivinjari hupima uaminifu kwa kitu nitakachokiita chimbuko: itifaki, jina la seva na namba ya poti, vikichukuliwa pamoja. Ukurasa uliotoka https://example.org unasoma data ya https://example.org bila kuulizwa. Ukitaka data ya seva nyingine, lazima seva hiyo iseme kwamba imeruhusu. Sasa faili lililofunguliwa kwa file://, yaani moja kwa moja kutoka kwenye diski, lina chimbuko gani? Jina la seva halina, poti halina. Kwa miaka mingi Chrome imelihesabu kila faili la diski kuwa chimbuko la peke yake, lisilo na ndugu hata kwenye folda linamokaa. Firefox ilikuwa laini zaidi, ikauacha ukurasa usome majirani zake, mpaka toleo la 68 la mwaka 2019 lilipoziba njia hiyo. Sababu ilikuwa nzito: ukurasa mmoja uliopakuliwa ungeweza kusoma kila kilichomo kwenye folda ya vipakuliwa. Fungua folda yako ya vipakuliwa sasa hivi uone kuna nini humo, utawaelewa.

Ndiyo maana amri ya kuleta data, fetch("maswali.json"), ilikufa kwa mwenzangu. Ndiyo maana pia skripti za aina ya moduli hufa zikifunguliwa kutoka kwenye diski: moduli huletwa kwa kanuni za CORS, zile zinazoamua nani asome data ya chimbuko lingine, na kanuni hizo hazina la kufanya na kitu kisicho na chimbuko. Skripti ya kawaida, ile ya tangu zamani, bado inaruhusiwa. Kwa hiyo dawa haina ufundi wowote. Badala ya maswali.json unaandika maswali.js yenye const maswali = [...] na kuiita kwa tagi ya kawaida. Msimbo unaonekana wa kizamani kidogo, lakini unafunguka. Kuna njia nyingine inayopendwa na watu wenye haraka, ya kumwagiza mtumiaji aanzishe Chrome kwa swichi ya --allow-file-access-from-files. Inafanya kazi kweli. Ila umemvulia ulinzi kwa kila faili atakalofungua kwenye kivinjari hicho mpaka akifunge, na yeye hajui.

Zamani mambo yalikuwa kinyume kabisa, na historia hii inasaidia kuelewa kwa nini mabawabu wamekuwa wakali. Internet Explorer ya miaka ile iliamini ukurasa wa diski kuliko wa intaneti. Hoja ilikuwa kwamba kilichomo kwenye mashine yako umekiweka mwenyewe. Wavamizi waliliona pengo: wakawa wanasukuma ukurasa mmoja mpaka uingie kwenye diski, kisha wanaufungua kutoka humo ukiwa na mamlaka ya mwenyeji. Windows XP SP2, iliyotoka Agosti 2004, ikaipindua kanuni. Kurasa za diski zikawa na ruhusa chache kuliko za intaneti, na juu ya dirisha ukawa unatokea mstari wa njano wa onyo. Waliokuwa wakisambaza mafunzo kwa CD walipata tabu. Kilichowaokoa ni mstari mmoja wa maoni mwanzoni mwa HTML:

<!-- saved from url=(0014)about:internet -->

Maana yake, nichukulie kama nimetoka intaneti. Hiyo 0014 ni idadi ya herufi za about:internet, nukta pacha ikiwemo. Ukikosea hesabu, mstari haufanyi kazi. Mwenyeji analazimika kujitangaza mgeni ndipo aruhusiwe kuzungumza nyumbani kwake. Sijaona mzaha mwingine wa kiufundi unaofikia huo.

Alama ya ugeni

Mstari ule ulijulikana kama alama ya wavuti, na jina limebaki ingawa alama yenyewe imehama. Siku hizi faili likipakuliwa kwenye Windows, kivinjari hulibandikia mkondo wa pembeni uitwao Zone.Identifier. Kwa macho huuoni, na ukubwa wa faili unaoonyeshwa haubadiliki. Lakini ukiufungua kwa Notepad utakuta ndani yake ZoneId=3, yaani limetoka intaneti. Zipu yenye alama hiyo ikifunguliwa na Windows yenyewe, alama hurithiwa na mafaili yanayotolewa. Programu nyingine za kufungua zipu hazirithishi, au hurithisha tu ukizipangia. Tena mkondo huo ni mali ya diski za NTFS. Pitisha faili kwenye flashi ya FAT32 na alama imedondoka njiani.

Kwa hiyo mabishano ya "kwangu inafunguka" na "kwangu haifunguki" yanaweza kuwa na wakweli pande zote mbili: mmoja alipewa kwa flashi, mwingine alipakua. Nikiletewa kesi ya aina hiyo siku hizi, swali langu la kwanza ni faili limefikaje kwako.

Mafaili ya msaada ya CHM, ambayo kwa ndani ni kurasa za HTML zilizofungwa pamoja, yanaonyesha vizuri alama hii inavyotesa watu kimyakimya. La kupakua linafunguka, orodha ya mada upande wa kushoto inaonekana, upande wa kulia ni patupu. Mtu anadhani faili limeharibika na kulipakua tena, likiwa na alama ileile. Kumbe alitakiwa kuingia kwenye sifa za faili na kuondoa kizuizi kwa tiki moja. macOS ina alama yake pia, com.apple.quarantine, inayofanya kazi kwa mantiki hiyohiyo.

Seva ndogo ya nyumbani

Hatua inayofuata kwa wengi ni kumwekea mtumiaji seva ndogo kwenye mashine yake na kumfungulia http://localhost, anwani ambayo mashine hujiita yenyewe. Kivinjari kinaridhika hapo. Localhost huhesabiwa mahali salama hata bila HTTPS, kwa hiyo kamera, maikrofoni na skripti za usuli zinazowezesha ukurasa kufunguka bila mtandao vyote vinakubali.

Bawabu wa pili ndiyo kwanza anaamka. Seva ikisikiliza 0.0.0.0, yaani kila mtandao uliounganishwa, fayawoli ya Windows hutoa dirisha la kuomba kibali, na kibali hicho kinahitaji mamlaka ya msimamizi. Ikisikiliza 127.0.0.1 pekee, yaani mashine yenyewe tu, kimya. Tofauti ni tarakimu chache kwenye mstari mmoja wa msimbo, lakini ndizo zinazoamua kama mtumiaji atatishwa na dirisha asilolielewa. Nyingi ya seva hizi hazikuwa na haja ya kusikiliza mtandao mzima tangu mwanzo. Mtengenezaji alinakili mfano mahali na kuuacha ulivyo.

Kisha mtu anajaribu kwenye simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo, anaandika http://192.168.1.20:8080. Ukurasa unafunguka vizuri, kamera inakataa. Kwa simu ile anwani hiyo si localhost, na haina HTTPS, basi si mahali salama. Kivinjari hata hakimwulizi mtumiaji kama anaruhusu: navigator.mediaDevices haipo kabisa, na skripti inaanguka ikijaribu kusoma kitu ambacho hakipo. Mtengenezaji anatafuta hitilafu kwenye kamera kwa saa nzima.

Ukishaivalisha ganda

Wengine wanachoshwa na yote haya, wanaifunga kazi yao kwenye ganda na kuifanya programu kamili. Electron, iliyoanza GitHub mwaka 2013 kwa jina la Atom Shell, hubeba Chromium nzima, ambayo ndiyo msingi wa Chrome, pamoja na Node.js, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari. Tauri hutumia injini ya kurasa iliyopo tayari kwenye mfumo: WebView2 kwa Windows, WKWebView kwa macOS, WebKitGTK kwa Linux. Kwa vyovyote, bawabu wa kwanza umempita kwa kiasi kikubwa, na sasa umesimama mzimamzima mbele ya wa pili.

Suala la sahihi ya kidijitali nitalipita haraka kwa kuwa halina fumbo, lina gharama tu. Windows huangalia sahihi ya programu na sifa iliyojijengea kadiri inavyopakuliwa, na tangu Juni 2023 ufunguo wa kusaini kwa cheti cha umma lazima utunzwe ndani ya kifaa maalumu cha usalama, hautakiwi kuwa faili linalozunguka kwenye kompyuta za timu. Apple walimpa bawabu wao jina lenyewe hasa, Gatekeeper, mwaka 2012. Tangu macOS Catalina ya 2019, programu mpya inayosambazwa nje ya duka lao hutumwa kwao kwanza ikaguliwe na mitambo. Ile njia ya mkato ya kubofya huku umeshika Control iliondolewa kwenye Sequoia mwaka 2024. Sasa mtumiaji lazima aingie kwenye mipangilio ya mfumo kuiruhusu. Usajili wa mtengenezaji ni dola 99 kwa mwaka. Ukitaka kusambaza kwa watu wa macOS bila kuwafundisha kupuuza maonyo, unalipa.

Penye uhondo ni swali la folda. Chukua programu inayotumia WebView2. Usipoipangia, huunda folda ya data zake, kama vidakuzi na kache, kandokando ya faili la .exe. Wakati wa kutengeneza hilo halina shida kwa sababu folda ya mradi ni yako. Kisakinishi kikishaiweka kwenye Program Files, mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuandika humo, WebView2 inashindwa kuunda folda yake, na dirisha linafunguka bila kitu. Tumerudi kwenye kweupe kulekule, kwa sababu nyingine kabisa.

Mwingine anaona afadhali akimbie Program Files: anaisakinisha programu yote ndani ya AppData ya mtumiaji, mahali pasipohitaji msimamizi. Visakinishi vingi vya Electron hufanya hivyo. Inapendeza, hadi ifike kwenye mashine za taasisi zenye AppLocker, kidhibiti cha Windows kinachoamua programu zipi ziendeshwe. Kanuni zake za msingi huruhusu vinavyotoka Program Files na folda ya Windows. Cha AppData hakiendeshwi mpaka mtu akiandikie kanuni yake.

Ukivitazama visa hivi viwili pamoja, utaona bawabu ni mmoja na msimamo wake ni mmoja: msimbo ukae mahali ambapo mtumiaji hawezi kuandika, na data ikae mahali ambapo hakuna kinachoendeshwa. Anayeweza kuandika na kuendesha palepale ndiye anayefanana na mvamizi. Msimamo huo unashuka mpaka kwenye kumbukumbu ya mashine. Injini ya JavaScript hutafsiri skripti kuwa msimbo wa mashine wakati inakimbia, kisha inauendesha papo hapo, yaani inaandika na kuendesha mahali pamoja. Kwenye macOS, programu ya Electron iliyosainiwa kwa ulinzi mkali wa Apple isipoomba waziwazi ruhusa iitwayo com.apple.security.cs.allow-jit inaweza kuanguka inapoanza. Mtengenezaji anasema kwake ilikuwa inakimbia kabla ya kuisaini, na anasema kweli.

Kizimba kinachohitaji kibali cha kujifunga

Kwenye Linux kuna fundo ninalolipenda zaidi. Chromium huifunga michakato inayochora kurasa ndani ya kizimba, ambacho watengenezaji hukiita sandiboksi, ili ukurasa mbaya ukiiteka usifike kwenye mafaili yako. Kujenga kizimba hicho kunahitaji uwezo ambao mtumiaji wa kawaida hana. Njia ya zamani ni faili dogo liitwalo chrome-sandbox, linalomilikiwa na root, msimamizi mkuu wa mfumo, na kupewa ruhusa 4755, ili liazime mamlaka ya root kwa muda mfupi. Njia mpya ni kipengele cha kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kiitwacho neimspesi za watumiaji, kinachomwezesha mtu wa kawaida kujitengea kijieneo ambamo anajiona kama root.

Tatizo ni kwamba kijieneo hicho humfikisha mtu kwenye sehemu za kerneli ambazo zamani zilikuwa za root peke yake, na mashimo mengi ya usalama yamefikiwa kwa kupitia humo. Ubuntu 24.04, ya Aprili 2024, ikaamua kwamba programu isiyo na wasifu unaoiruhusu ndani ya AppArmor, mlinzi wa Linux anayeipangia kila programu mipaka yake, haipewi uwezo huo. Kivinjari kikajikuta kimezuiwa kujifunga chenyewe kwa sababu za usalama. Programu za Electron zikawa zinagoma kuanza, zikilalamika kwamba chrome-sandbox ipo lakini haijawekwa ipasavyo.

Jibu la kwanza utakalopewa na mtu yeyote ni kuongeza --no-sandbox. Programu itafunguka, lakini ukurasa mbaya ukiuteka mchakato unaouchora utakuwa na mamlaka yako yote: mafaili yako, funguo zako za SSH za kuingilia seva, kila kitu. Kwa programu inayoonyesha maudhui ya nje hilo halikubaliki kwangu. Jibu la pili ni kuzima kizuizi kwa kerneli nzima, na hapo umefungulia programu zote ili moja ipite.

Jibu linalofaa ni wasifu mfupi ndani ya /etc/apparmor.d unaotaja njia ya programu yako na kuipa ruhusa ya userns, yaani zile neimspesi. Kifurushi cha .deb, kile cha kusakinisha programu kwenye Ubuntu, kinaweza kuuweka chenyewe wakati wa kusakinisha, maana wakati huo kina mamlaka ya root. AppImage, programu nzima ndani ya faili moja, haiwezi, na si kwa bahati mbaya. Kila inapoanza hujipachika kwenye njia mpya ndani ya /tmp yenye herufi za kubahatisha, kwa hiyo faili linaloendeshwa halina njia ya kudumu ambayo mtengenezaji angeitaja mapema kwenye wasifu. Na kwa kuwa upachikaji huo hufanywa na mtumiaji wa kawaida, kerneli hupuuza ile 4755. Njia zote mbili zimezibwa. Urahisi wa AppImage ni kwamba haisakinishwi. Bawabu naye anamtaka mtu aliyesakinishwa, mwenye anwani inayojulikana.

Simu

Kwenye simu uamuzi mwingi umeshafanywa kabla hujafika. iOS haiziruhusu programu za kawaida kuandika msimbo kwenye kumbukumbu na kuuendesha, na kanuni za duka la Apple zililazimisha vivinjari vyote kutumia WebKit hadi Machi 2024, iOS 17.4 ilipolegeza hilo kwa nchi za Umoja wa Ulaya. Safari pia, tangu 2020, hufuta data iliyoandikwa na skripti za tovuti ambayo mtumiaji amekaa siku 7 za matumizi ya kivinjari bila kuigusa. Ukurasa uliowekwa kwenye skrini ya mwanzo una hesabu yake tofauti, kwa hiyo kumwomba mtumiaji auweke pale ni kulinda kazi yake.

Android inakuruhusu kuivalisha tovuti yako ganda la programu na kuficha upau wa anwani, mradi tovuti ithibitishe kwamba programu hiyo ni yake kupitia faili la assetlinks.json lenye alama ya vidole ya ufunguo wa kusaini. Hapa watu huteleza palepale kila mara. Wanaandika alama ya ufunguo wao wenyewe, ule wa kupakia, huku Google Play ikiisaini programu upya kwa ufunguo wake kabla ya kuisambaza. Kwenye simu ya mtengenezaji upau haupo. Kwa aliyeipata dukani, upau unaonekana juu. Alama sahihi iko kwenye ukurasa wa usimamizi wa Play, na mafaili ya assetlinks.json yanakubali zote mbili kwa pamoja.

Ile programu yangu ya maswali sasa ina maumbo mawili. Kwa wenye mashine za taasisi na wenye simu niliiweka kwenye tovuti ya HTTPS inayosakinishika kupitia kivinjari, maana kivinjari chenyewe kimekwisha kukubaliwa na watu wa tehama wa huko, hakuna .exe ya kujieleza. Kwa asiye na mtandao nimebana kila kitu ndani ya HTML moja, skripti za kawaida, maswali yakiwa humohumo. Mwenzangu alichukua hilo la pili. Liko kwenye folda yake ya vipakuliwa mpaka leo, lina ZoneId=3, na linafunguka.